Fulana Nyeusi, Soko la Memorial

Ndesario, hiyo fulana uliyoivaa
uliichomoa kwenye belo la Jumanne kwa sababu ni nyeusi
na haionyeshi uchafu.
Fuvu, radi, herufi zenye miiba:
ukadhani ni urembo tu.
Mwanangu, umebeba kifuani jina la watu
ambao hujawahi kuwapa hata dakika tatu.

Geuka. Mgongoni kuna orodha ya miji na tarehe.
Walipita kote huko, usiku baada ya usiku,
wakipiga kelele ileile hadi ikawa kazi.
Kazi, kama hii yetu ya kukung'uta makoti.

Mimi nilijifunza hivyo, kwa kusoma fulana.
Nikifungua belo naandika majina kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa nyuma, chini ya Mama Aikande, elfu nne, bado,
kisha jioni namwendea Kimambo, fundi redio wa Kiboriloni,
anitafutie.
Kanda ya kwanza iliniumiza kichwa.
Ya pili nikaizima.
Ya tatu nilipitiliza nyumbani, nikafika mpaka daraja la Rau
bila kujua miguu ilikuwa inamtii nani.

Sikukatazi singeli yako. Cheza.
Jirani wa viatu amelalamika, nimemjibu.
Ila mtu hawezi kula mtori mwaka mzima
kisha akasema anaijua ndizi.

Basi usianze na hao wa kifuani mwako. Hao ni wakali,
utawachukia bure.
Nimekuwekea kwenye simu, kwa mpango.
Kwanza yule mama mwenye sauti ya mkwaruzo,
gitaa lake moja linadondoka kama bomba lisilofungwa vizuri.
Msikilize ukipanga soksi.
Halafu wale vijana wanne
wanaopiga kama wachomelea mageti pale Pasua, cheche tupu;
wewe sikiliza chini yake, kuna besi,
inapanda polepole kama lori la kahawa linalotafuta gia.
Huo ndio mlango. Ingilia kwenye besi.

Ule wa dakika kumi na moja usiuruke. Nakijua kidole chako.
Dakika ya sita hakuna linalotokea. Ngoja.
Mbege nayo haiharakishwi.
Dakika ya saba ngoma inaingia,
na sitakwambia inaingiaje.

Maneno? Siyaelewi yote. Mengine nimeyatunga mwenyewe.
Yule anayelia katikati, mimi nasikia "nirudishie ndoo",
na ninamhurumia hivyo hivyo.

Wanasema jina la muziki huu maana yake ni mwamba.
Tazama kule, leo hakuna wingu.
Kibo ana weupe wake, kila mgeni anampiga picha.
Mawenzi amekaa pembeni, meno nje,
hana wa kumsifu.
Mimi niko upande wa Mawenzi tangu nikiwa na umri wako,
na sijawahi kupata wa kukaa naye huku.

Ukichoka, zima. Usinidanganye kwamba umeupenda.
Adabu hiyo kaitunzie kanisani.

Ijumaa akaja kaka mmoja wa Soweto, macho kifuani pako.
Elfu saba, akasema, naichukua hapo hapo mwilini.
Nikaziangalia noti. Kodi ya meza ilikuwa inadaiwa,
na fulana yenyewe sikumbuki kama hata mia tano ilinigharimu.
Ukatoa kisikilizio sikioni,
kimoja tu,
ukamwambia haiuzwi,
bado hujafika dakika ya saba.

Nikainama.
Nilikuwa na soksi za kuhesabu.